Mnyama Anapougua Usiku: Gharama na Maandalizi Yake



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka saa ile tu linapotupata. Mbwa au paka wa nyumba apatwa na hatari usiku, au siku ya Jumapili, au sikukuu, wakati ofisi ya mifugo imefungwa. Nani aitwe? Atalipwa nini? Na kama fedha haipo, tufanyeje? Tutayatazama maswali haya moja baada ya jingine, na mwishoni tutaweka maswali ya kujadiliwa nyumbani na katika vikundi vyetu.

1. Je, ni jambo la kushughulikia?

Huenda mtu akasema, "Mbwa ni mbwa tu, akifa tutapata mwingine." Tusimcheke mwenye kusema hivyo, maana mara nyingi anasema kwa sababu mfuko ni mtupu. Lakini tuangalie kazi ya wanyama hawa hapa Zombo. Mbwa hulinda zizi la mbuzi, huwafukuza nyani na nguruwe mwitu wasimalize mahindi, na huwaamsha wenye nyumba mwizi anapokaribia. Paka hulinda ghala dhidi ya panya. Mnyama anayefanya kazi ya nyumba ni sehemu ya mali ya nyumba, na watoto humpenda kama ndugu.

Tena Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14:5, aliwauliza wasikilizaji wake kama yuko mtu ambaye angemwacha ng'ombe wake kisimani kwa sababu tu ni siku ya Sabato. Hakuna aliyeweza kumjibu. Basi dharura nje ya saa za kazi si jambo jipya.

2. Kwa nini usiku ni ghali?

Wako wanaonung'unika kwamba mtaalamu wa mifugo akiitwa usiku hutaka fedha nyingi. Kabla ya kumlaumu, tuigawe gharama hiyo katika mafungu yake, kama mwalimu agawavyo sentensi ubaoni.

Fungu la kwanza ni usafiri. Usiku hakuna basi wala gari la mizigo la kudandia. Ni pikipiki, na mwenye pikipiki hutaka zaidi usiku, hasa masika barabara zetu zinapokuwa tope.

Fungu la pili ni dawa. Zamani, katika miaka ya Ujamaa, huduma nyingi za mifugo zilitolewa na serikali bure au kwa bei ndogo. Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, wenye mifugo walianza kuchangia, na leo dawa nyingi hununuliwa dukani. Hata kama mtaalamu analipwa mshahara na serikali, sindano na dawa anazobeba mara nyingi amezinunua kwa fedha yake.

Fungu la tatu ni ujuzi na muda. Mtu ameamshwa saa nane za usiku, na kesho yake saa moja na nusu atakuwa kazini.

Fungu la nne ni umbali wa hospitali. Hospitali kubwa ya wanyama iliyo katika mkoa wetu ni ile ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mjini Morogoro. Kutoka Mikumi hadi huko ni zaidi ya kilometa 100, na kiasi cha kilometa 50 za barabara hiyo zinapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo tembo na nyati huvuka njia wapendavyo. Hakuna mwenye akili atakayempakia mbwa kwenye pikipiki usiku na kupita humo. Kwa hiyo, kwa mtu wa Zombo, usiku ni mtaalamu aliye karibu au hakuna.

Tusidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Huko Uingereza daktari wa wanyama anatakiwa kuhakikisha kuwa msaada wa dharura unapatikana saa 24, lakini mwenye mbwa anayekwenda usiku huweza kulipa mamia ya pauni. Malalamiko yalikuwa mengi hata Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo ikaanza kuichunguza biashara hiyo mwaka 2023, na mwaka 2024 ikafungua uchunguzi rasmi. Na zamani zaidi, mwaka 1917, mama mmoja aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati mtaa wa Whitechapel, London, kuwatibu bure wanyama wa maskini, kwa sababu aliona watu wasio na fedha wakiwatazama wanyama wao wakiteseka. Hata katika nchi tajiri, basi, maskini na mnyama wake walihitaji kufikiriwa.

3. Lipi ni la usiku, na lipi lingoje asubuhi?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa. Kuita usiku kwa jambo la asubuhi ni hasara. Kungoja asubuhi kwa jambo la usiku ni kifo.

Yafuatayo hayangoji: damu isiyokoma hata baada ya kubanwa, kupumua kwa shida, kugongwa na gari au pikipiki, degedege, kula sumu, kama dawa ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo au ya kunyunyizia mazao, kuumwa na nyoka, tumbo kuvimba ghafla huku mnyama akijaribu kutapika bila kutoa kitu, mbwa jike anayesukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, na mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu.

Yafuatayo yaweza kungoja: kuchechemea huku anakula vizuri, kuhara mara moja au mbili huku anachangamka, jipu, kupe, funza na upele, na kukataa chakula cha jioni moja.

4. Msaada wa kwanza usiogharimu kitu

(a) Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi, wala usiachie kila dakika ili kutazama.

(b) Mbwa mwenye maumivu huweza kumwuma hata bwana wake. Mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa, isipokuwa anatapika au anapumua kwa shida.

(c) Aliyegongwa abebwe juu ya ubao au gunia lililovutwa likanyooka, asinyanyuliwe kwa miguu.

(d) Aliyekula sumu asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa nguvu, maana huingia mapafuni. Chukua chupa au karatasi ya sumu hiyo umwonyeshe mtaalamu.

(e) Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba. Atulizwe na apelekwe.

(f) Usimpe mnyama dawa za watu. Panadol, ambayo sisi tunaimeza bila kuogopa, huua paka. Dawa za kutuliza maumivu kama diclofenac huweza kumtoboa mbwa tumbo.

5. Onyo kubwa: kichaa cha mbwa

Kuna dharura moja ambayo kosa lake halilipiki kwa fedha. Usiku mbwa aonekana mdomo u wazi, taya limelegea, mate yanatiririka, na hawezi kumeza. Mwenye nyumba asema, "Amekwamwa na mfupa," naye aingiza mkono kinywani kuutafuta. Ndugu, usifanye hivyo kamwe. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, na mate yale yana sumu ya ugonjwa. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma bila kuchokozwa, au anayelegea miguu ya nyuma, asishikwe na mtu. Afungiwe mahali kama yawezekana bila hatari, na mtaalamu aitwe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, oshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya usiku huo huo au mapema iwezekanavyo. Sindano hudungwa zaidi ya mara moja kwa siku zilizopangwa, naye asiache katikati kwa kuwa anajisikia vizuri. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa salama, afungwe na kutazamwa siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aende kutibiwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Gharama ya matibabu ya aliyeumwa, pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea, shirika hilo linaikadiria kuwa wastani wa dola 108. Chanjo ya mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya fedha hiyo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hili si ndoto. Huko Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilikomesha ugonjwa mwaka 2014. Ulipoletwa tena mwaka 2016, chanjo ziliongezwa kisiwa kizima, ukakomeshwa tena mwaka 2018.

6. Hesabu ya ubaoni

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Bei halisi tumwulize afisa mifugo wetu. Tuseme usiku mmoja wagharimu hivi: pikipiki shilingi 20,000, dawa 15,000, na malipo ya mtaalamu 10,000. Jumla ni 45,000. Nyumba moja ikiweka 1,000 kwa mwezi, itahitaji miezi 45 kuifikia jumla hiyo, yaani miaka mitatu na miezi tisa. Mbwa hatangoja.

Lakini nyumba 15 zikiweka 1,000 kila moja, kwa mwaka zitapata 180,000, nazo zatosha usiku nne kama huo. Sisi tumezoea kuchangiana katika misiba na arusi, na vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo. Kuongeza kisanduku kidogo cha wanyama si kazi kubwa. Kikundi hicho kipatane mapema na mtaalamu juu ya bei ya usiku, kiandike namba yake ya simu ukutani, na kiwachanje mbwa wote siku moja, ili mtaalamu aje mara moja tu na nauli igawanywe.

7. Na kama fedha haipo kabisa?

Hapa tuseme kweli bila kuoneana haya. Iko nyumba ambayo usiku huo ina fedha ya karo tu, au ya dawa ya mtoto. Mama wa nyumba hiyo hatendi dhambi akiiweka fedha kwa mtoto. Asisemwe kanisani wala kisimani. Lakini hata hapo mnyama ana haki moja: asiachwe ateseke siku tatu kichakani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Kama hawezi kupona, mtaalamu aombwe ammalize bila maumivu, na majirani wasaidie gharama hiyo ndogo. Na asiyeweza kumlisha na kumchanja mbwa mmoja asifuge watano.

Kwa ufupi: gharama ya usiku hupunguzwa mchana, kwa chanjo, kwa kufungia sumu mahali pa juu, kwa kumfunga mbwa asizurure barabarani, na kwa kuweka akiba pamoja.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu?
2. Ni nani kati yenu mwenye namba ya simu ya mtaalamu wa mifugo?
3. Taja dharura tano za usiku na mambo matatu yawezayo kungoja asubuhi.
4. Sumu ya panya na dawa za shamba zimewekwa wapi nyumbani kwako?
5. Ikiwa jirani hana fedha na mbwa wake amemwuma mtoto, ni nani atakwenda naye kituoni usiku huo?

Swali la tano lijibiwe kwa kutaja jina la mtu.