Noti ina mashahidi watatu

Ndugu wawili walishindana juu ya shamba mbele ya wazee wa mji. Mkubwa alisema: « Shamba ni langu. Nilimlipa mdogo wangu faranka hamsini, siku kuu ya Noeli, mwaka 1997. » Mdogo akakana: « Hukunipa kitu. »

Mkubwa akatoa mfukoni noti ya faranka 1. « Hii ilibaki katika feza zile. Tazameni, imeandikwa 01.11.1997. Je, Noeli haifuati mwezi wa 11? »

Watu wengi waliitikia. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu zamani, aliomba noti ile, akaitazama sana. Akasema: « Mwanangu, siku ile ya Noeli faranka hizi zilikuwa hazijafika sokoni. Zilianza kutumika tarehe 30 mwezi wa 6, mwaka 1998. Noeli ile tulinunua chumvi kwa zaire mpya. Ulimlipaje ndugu yako kwa feza isiyokuwapo? »

Mkubwa akainama, akakosa neno. Shamba likabaki kwa mdogo wake.

Watoto, mfano huu unatufundisha kusoma noti vizuri. Kila noti ya faranka ya Kongo ina mashahidi watatu.

1. Tarehe. Hii ni siku ambayo Banki Kuu iliiwekea noti. Si siku noti ilipofika sokoni. Noti za faranka 1 000, 5 000, 10 000 na 20 000 zilitolewa kwa watu mwezi wa 7, mwaka 2012. Lakini zile za kwanza zilikuwa zimeandikwa mwaka 2005 au 2006. Zilikaa miaka mingi zikingoja.

2. Sahihi. Ni jina ambalo Gavana wa Banki Kuu huandika kwa mkono wake, kisha mashine hulitia juu ya kila noti. Jean-Claude Masangu Mulongo alikuwa Gavana tangu mwaka 1997 mpaka 2013. Deogratias Mutombo alimfuata mpaka mwaka 2021. Kisha akaja Malangu Kabedi Mbuyi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Basi, mtu akisema kwamba alipewa noti yenye sahihi ya Mutombo mwaka 2008, anadanganya au amesahau. Lakini ujue hili pia: Gavana akiondoka, noti zake haziondoki siku ile ile. Sahihi inaonyesha noti ilitengenezwa wakati wa nani. Haionyeshi ilipita mikononi mwa nani, wala lini.

3. Namba. Ina herufi na tarakimu. Mashine huhesabu noti moja moja. Tarakimu zikiisha, herufi hubadilishwa, na hesabu inaanza tena. Kwa hiyo noti mbili za tarehe moja na sahihi moja zinaweza kupangwa kwa namba: ipi ni ya kwanza, ipi ya nyuma. Tena, noti mbili za bei moja na za tarehe moja haziwezi kuwa na namba moja, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiziona, ujue kwamba moja, ao zote mbili, ni za uongo. Mama anayeuza unga akizipokea bila kutazama, amepoteza unga na feza.

Mkubwa wa mfano wetu aliuliza shahidi mmoja tu, yule aliyemfaa. Wewe usifanye hivyo. Uliza wote watatu, kisha uliza na wazee wanaokumbuka. Hapo ndipo useme.

Maulizo

1. Kwa nini tarehe ya noti haikumsaidia ndugu mkubwa?
2. Noti ina sahihi ya Masangu. Je, tunaweza kusema kwamba ilitumika mbele ya mwaka 2013 tu? Eleza.
3. Omba nyumbani noti mbili za bei moja. Andika tarehe, sahihi na namba ya kila moja. Zinapatana wapi? Zinaachana wapi?