Usisubiri Wazo, Anza na Pleti

Wanafunzi wengi wa sanaa hukwama pahala pamoja: vifaa vipo mezani, siku ya kukabidhi kazi inakaribia, na kichwani hamna kitu. Kwa anayejifunza echingi, yaani kuchapa picha kutoka kwenye pleti ya metali iliyochimbwa kwa dawa, nina neno moja: wazo halitangulii pleti. Unachora kitu cha kawaida, unachapa, unatazama ulichopata, unarudi kwenye pleti kuongeza na kufuta. Wazo utakutana nalo humohumo kazini.

Kwa hiyo tuanze na pleti. Shaba ni ghali, na mwanafunzi aliyenunua pleti ghali huogopa kuiharibu, na akiogopa hachori. Tafuta alumini. Wachapaji wa ofseti, kama wale wa Nasser Road mjini Kampala, hutumia pleti nyembamba za alumini ambazo kazi ikishachapwa huwa chakavu. Kila mji wenye wachapaji unazo. Usidanganyike na bati la kuezekea: hilo ni chuma kilichopakwa zinki kidogo tu juu.

Geuza pleti upande wa nyuma, kata kwa mkasi kipande cha sentimita 10 kwa 15, kisha viringisha pembe na lainisha kingo kwa tupa, la sivyo zitachana karatasi. Sugua uso kwa msasa laini. Halafu toa mafuta kwa unga wa chaki na sabuni ya maji. Mimina maji juu yake: yakitandaa yote kama kioo bila kujikusanya matone, pleti iko safi. Usiupuuze ukaguzi huo, maana alama ya kidole tu yatosha kuufanya utando utakaoupaka kuikinga pleti na dawa ubanduke.

Utando wenyewe unaweza kuwa rangi nyeusi ya lami inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ipunguze uzito kwa tapentaini, ipake nyembamba kwa brashi pana, iache ikauke usiku kucha. Nyuma funika kwa selotepu pana. Kisha chora kwa sindano iliyochomekwa kwenye kijiti. Mkono uwe mwepesi: sindano kazi yake ni kufunua chuma, kuchimba ni kazi ya dawa.

Dawa ninayoipendekeza ni mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule wa bluu wanaoujua wakulima. Kwa lita moja ya maji anza na gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani, kwenye beseni la plastiki. Pleti ikizama, mistari huanza kutoa mapovu, maji hupata joto, na vumbi jekundu la shaba hujikusanya juu ya mchoro. Lifagie taratibu kwa unyoya wa kuku ili dawa ifike chini. Mapovu hayo ni haidrojeni, kwa hiyo fanya kazi nje au penye hewa ya kutosha, mbali na moto, ukiwa na glavu na miwani ya kukinga macho. Asidi ya nitriki waachie walio na chumba chenye feni ya kuvuta mvuke na msimamizi anayeijua. Na dawa iliyokwisha usiimwage mtaroni, kwa sababu shaba inaua samaki. Tia magadi kidogo kidogo mpaka itulie na tope lijitenge, tope lihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, umkabidhi fundi wa maabara chuoni.

Muda ndio rangi yako. Mstari uliokaa kidogo kwenye dawa hutoka wa kijivu, uliokaa sana hutoka mweusi. Chukua ukanda mwembamba wa pleti ileile, uchore mistari, uuzamishe hatua kwa hatua: dakika 2, 4, 8. Andika matokeo pamoja na hali ya hewa, kwa kuwa dawa ya adhuhuri ya Dar es Salaam hufanya kazi haraka kuliko ya asubuhi ya Iringa. Kisha itoe pleti yako mapema, ziba kwa vanishi mistari unayotaka ibaki hafifu, uirudishe ili iliyosalia iendelee kuchimbwa. Pleti za ofseti ni nyembamba sana, usiziache mpaka zitoboke.

Sasa, uchore nini? Chukua kitu kimoja cha nyumbani, usikiache. Tazama kibao cha mbuzi: meno ya chuma yaliyong'aa kwa kukuna nazi, kutu kwenye shingo ambako mkono haufiki, na kiti kilichobonyea pale mkunaji anapokaa. Kichore kwa mbele, kwa chini, kikiwa kimekunjwa. Kwenye daftari utaona kufikia mchoro wa kumi umeacha kuchora kibao na umeanza kuchora aliyekikalia, ingawa hayupo. Hapo una kazi ya sanaa.

Mchoraji Rembrandt alifanya hivyohivyo na pleti yake ya misalaba mitatu, ya kusulubiwa kwa Yesu, ya mwaka 1653. Nakala za mwanzo zina umati unaoonekana waziwazi chini ya mwanga. Baadaye aliirudia pleti ileile, akafuta watu, akaongeza mpanda farasi, akalizamisha tukio zima gizani. Wazo la pili alilipata kwa kuitazama kazi ya kwanza. Hapa kwetu, George Lilanga alikuwa mchongaji wa Kimakonde kabla ya kuchapa echingi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani wake wenye masikio makubwa walitoka kwenye mti wakaingia kwenye karatasi. Hakwenda mbali kuwatafuta.

Kuchapa kunataka subira. Loweka karatasi nene ya pamba, kisha ikaushe kati ya taulo mpaka ibaki na unyevu bila kung'aa. Toa lami kwa mafuta ya taa, pasha pleti joto kidogo, sukumia wino kwenye mistari kwa kipande cha kadibodi, futa kwa shashi iliyotiwa wanga, malizia kwa kiganja. Chuoni tumia mashine ya kuchapia yenye blanketi. Nyumbani, pleti nyembamba kama hii hupita kwenye mashine ya mkono ya kutengenezea tambi, mradi upana wake utoshe. Kumbuka picha hutoka kinyume. Ukitaka maneno kama ya kwenye kanga, yaandike kwa kurudi nyuma.

Nakala ya kwanza itakuudhi. Iandike tarehe, itundike ukutani, iangalie siku nzima, chora juu yake kwa penseli yale unayotaka yabadilike, kisha paka lami upya na uendelee. Na siku ya kuonyesha kazi usilete nakala ya mwisho peke yake. Zitundike zote kwa mfuatano, hata zilizochafuka, ili wenzako waone ulivyofikiri.