Homa ya Ini B: Virusi Vinavyobadilika Kimyakimya

Leo tunajifunza kuhusu ugonjwa ambao mtu anaweza kukaa nao miaka 20 au zaidi bila kujua. Ni homa ya ini aina ya B. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu katika hali sugu, na watu wapatao milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Katika kila watu 100 wenye virusi hivi, 13 tu ndio waliokuwa wamepimwa wakajijua, na 3 tu ndio waliokuwa wakipata dawa.

Swali letu la leo ni hili: kama mtu hajisikii kuumwa, kwa nini aendelee kwenda kliniki?

SUGU MAANA YAKE NINI?

Virusi vikikaa mwilini zaidi ya miezi 6, tunasema ugonjwa umekuwa sugu. Hapa umri una maana kubwa. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa na mama zao, karibu 90 hubaki na virusi. Kwa watu wazima, ni chini ya 5 katika kila 100. Kwa hiyo, ukisikia mtaani eti mwenye ugonjwa huu ameupata kwa uhuni, usikubali haraka. Wengi waliupata siku ya kuzaliwa au wakiwa watoto wadogo.

VIRUSI VINAKOPI BILA KUSAHIHISHA

Umewahi kukopi notsi za rafiki yako usiku huku unasinzia? Unaruka neno hapa, unakosea herufi pale. Rafiki mwingine akikopi kutoka kwako, anachukua makosa yako na kuongeza ya kwake.

Virusi vya homa ya ini B vinafanya hivyo hivyo. DNA yake ni fupi, ina herufi kama 3,200 tu. Ili kuzaana, virusi hugeuza DNA kuwa RNA, halafu hugeuza RNA kuwa DNA tena. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya pili hakirudii kusoma kilichoandika. Na kwa mtu asiyetibiwa, mabilioni ya virusi vipya vinaweza kutengenezwa kwa siku moja. Makosa hayakosekani.

Makosa mengi huviua virusi vyenyewe. Lakini machache huvisaidia kuishi, na hivyo ndivyo vinavyozidi kuongezeka mwilini.

HILA YA ANTIJENI e

Kuna protini iitwayo antijeni e. Virusi huimwaga kwenye damu, nayo huizubaisha kinga ya mwili. Baada ya miaka, kinga huzinduka na kuanza kushambulia. Hapo virusi vilivyoacha kutengeneza antijeni e vinapata nafasi ya kuendelea.

Vinaachaje? Tazama mfano huu, maana utakufaa hata kwenye baiolojia. Herufi ya 1896 ya DNA ya virusi kwa kawaida ni G. Ikikosewa ikawa A, neno TGG linageuka kuwa TAG. TGG huagiza asidi amino iitwayo triptofani. TAG ni amri ya "simama". Basi, utengenezaji wa antijeni e unakatika njiani, lakini virusi vyenyewe vinaendelea kuzaana kama kawaida!

Badiliko hilo huonekana sana kwenye virusi vya kundi D. Kundi A, ambalo limeenea sana Afrika Mashariki, hulipata kwa nadra. Lenyewe huweza kupata mabadiliko kwenye herufi za 1762 na 1764, ambayo hupunguza antijeni e. Mabadiliko haya mawili yamehusishwa na saratani ya ini.

INI LINAUMIA VIPI?

Kwa sehemu kubwa si virusi vinavyoua seli za ini. Ni kinga ya mwili inapozishambulia seli zenye virusi. Vita hivi vikiendelea miaka mingi, ini hujaa makovu na kuwa gumu. Wengine hupata saratani, na huku kwetu Afrika inaweza kumpata mtu hata kabla ya miaka 40.

Ini haliumi mapema. Macho yanapokuwa ya manjano, tumbo likajaa maji, au mtu akatapika damu, ini limeshaharibika sana. Hapo ndipo watu husema amerogwa, wakati ugonjwa ulianza zamani.

Sasa tuseme kaka yako alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana virusi vya B. Baadaye akapimwa antijeni e, haikuonekana. Anarudi nyumbani anasema, "Safi, nimepona!" Utamjibuje?

Mwambie kwamba inawezekana ni habari njema, kwani kwa wengi virusi hutulia kwa miaka. Lakini inawezekana pia virusi vimebadilika na vinaendelea kimyakimya. Kipimo hicho kimoja hakiwezi kutofautisha. Ni lazima apimwe wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini, tena arudie kwa vipindi atakavyopangiwa na daktari.

DAWA NA CHANJO

Daktari akiona inafaa, atampa dawa kama tenofoviri, kidonge kimoja kila siku. Kwa kawaida dawa haimalizi virusi vyote, lakini inavizuia kujikopi. Kukopi kukipungua, makosa yanapungua, na ini linapata nafasi ya kupumzika. Asiache dawa bila kumwona daktari, maana virusi vinaweza kurudi kwa kishindo. Aepuke pombe, na pia mahindi na karanga zenye ukungu, kwani sumu ya ukungu huo huongeza hatari ya saratani.

Wewe je? Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo huenda ulichanjwa. Angalia kadi yako ya kliniki. Kaka, dada na wazazi waliozaliwa kabla ya hapo huenda hawakuchanjwa. Wapime kwanza, na asiye na maambukizi wala kinga apate chanjo.

Usichangie wembe, sindano wala mswaki, na usifanye ngono isiyo salama. Lakini kula sahani moja, kushikana mikono au kukaa dawati moja hakuambukizi. Usimtenge mtu.

JIPIME

1. Kwa nini virusi vya homa ya ini B hufanya makosa mengi vinapojikopi?
2. Neno TGG likiwa TAG, nini hutokea?
3. Rafiki yako ana virusi vya B na hajisikii kuumwa. Mpe sababu mbili za kuendelea kwenda kliniki.