Unapolipwa Dola Ugenini

Mama mmoja ametuandikia kutoka Addis Ababa. Mumewe ameajiriwa huko na shirika la kigeni kwa mkataba wa miaka mitatu. Mama aliacha ualimu hapa Kenya ili familia isitengane, na walifanya vyema, kwani kanuni ya 1151 ya Sheria ya Kanisa yasema wenye ndoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa pakiwa na sababu halali. Sasa wana nyumba kubwa, dereva, mpishi na yaya. Hapungukiwi na kitu, asema, lakini hata akitaka kununua kitambaa lazima amwombe baba watoto, naye humwuliza ni cha nini.

Tuutazame utajiri huo ulikotoka. Hadi Julai 2024, dola moja ilibadilishwa benki kwa karibu birr 57. Mwezi huo serikali ya Ethiopia iliacha thamani ya birr ipangwe na soko, na kabla ya mwaka kwisha dola ilikuwa imepita birr 100. Mume hakuongeza saa za kazi wala hakupandishwa cheo. Mpishi wake, alipwaye kwa birr, aliona bei zikimkimbia sokoni. (Ndugu, yeye umemwongezea?)

Basi ewe mume, wasemaje "pesa zangu"? Mkeo alitoa mshahara wake na miaka yake ya pensheni ili wewe uende kazini ukijua watoto wako salama. Papa Yohane Paulo II, katika wosia wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alitaka kazi ya mama nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa na wote.

Ketini jioni moja, watoto wakiisha kulala. Mume aweke mezani karatasi ya mshahara, yote, pamoja na marupurupu. Andikeni matumizi yenu kana kwamba mnaishi Nakuru na karo mnalipa wenyewe, maana siku mkataba utakapokwisha, karo ya mwajiri nayo itakwisha, na watoto wasiowahi kuosha sahani watarudi nayo mazoea hayo. Kinachobaki kiwekwe katika akaunti yenye majina yenu wawili. Patanani pia mtawatumia wazazi kiasi gani, wa mume na wa mke, kabla simu za nyumbani hazijawagombanisha.

Jumapili mpeni mpishi mapumziko, mpike wenyewe. Wenzi wengi wa ugenini hawana tena kazi hata moja waifanyayo pamoja, kisha hushangaa mazungumzo yamekauka.

Nawe mama, usingoje mkataba uishe. Mweleze mumeo mwisho wa mwezi huu, kwa upole lakini waziwazi, kwamba kuomba kila senti kunakuumiza. Asipokusikia, wapigieni simu wasimamizi wenu wa ndoa, nyote wawili mkiwapo.