SOMO LA 12: REDIO NA TAHADHARI YA HALI YA HEWA

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari. Mvuvi aliyesikia redio aliweza kuvuta ngalawa yake nchi kavu mapema.

Fanya hivi:

1. Tia betri. Alama + ya betri ielekee alama + ya redio. Usichanganye betri mpya na za zamani.

2. Fungua redio. Vuta eriali juu. Tafuta stesheni inayosikika vizuri.

3. Sikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho.

4. Ukisikia tahadhari, shika mambo matatu: ni wapi, ni lini, ni upepo au mvua.

5. Waambie majirani. Asiye na redio naye ana watoto.

Zoezi: Andika mambo matatu ya kushika katika tahadhari.