Kiazi Kitamu na Mbegu Yake Iliyo Hai

Katika vyakula vinavyopandwa Kenya, ni vichache vilivyozoeleka kama kiazi kitamu. Wakikuyu hukiita ngwaci, Wajaluo hukiita rabuon, na watu wengi wa shamba na wa mjini hukila asubuhi pamoja na chai. Walakini jambo lililozoeleka mara nyingi halichunguzwi. Yafaa basi tukitazame kiazi hiki: asili yake, faida zake, na udhaifu wake mmoja ambao umewatia wakulima wengi hasarani.

Asili yake

Wako wanaodhani ya kuwa kiazi kitamu ni ndugu wa kiazi cha Kizungu. Sivyo. Kiazi cha Kizungu kina ukoo mmoja na nyanya na biringani, na sehemu tunayoila ni shina lililovimba chini ya udongo. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa, na mmea wake ni wa ukoo mwingine kabisa, wenye maua yaliyofanana na tarumbeta.

Hata hivyo, vyote viwili asili yake ni Amerika. Watu wa Ulaya walianza kukijua kiazi kitamu baada ya Columbus kuvuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1492, na baadaye mabaharia wakakieneza katika Afrika na Asia. Tena liko jambo la ajabu: katika visiwa vya Polinesia, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, watu walikuwa wakikipanda mamia ya miaka kabla ya safari hiyo ya Columbus.

Mlinzi wakati wa njaa

Katika mwaka 1732 wadudu waliharibu mpunga katika sehemu za magharibi za Japani, na watu wengi wakafa kwa njaa. Mwanachuoni mmoja, jina lake Aoki Konyo, akaandika kitabu kueleza faida za kiazi kitamu. Mwaka 1735, kwa amri ya mtawala Tokugawa Yoshimune, alikipanda kwa majaribio katika mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo. Kilimo hicho kikaenea, na watu wakampa Aoki jina la Mwalimu wa Viazi Vitamu.

Sababu zake si ngumu kufahamu. Kiazi kitamu hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hadi sita, kwa kadiri ya aina yake na mahali kilipopandwa. Hustahimili udongo usio na rutuba nyingi. Tena chakula chenyewe kimejificha ardhini. Nzige walipoingia Kenya mwaka 1928, na tena mwishoni mwa mwaka 2019, walikula kila jani walilolikuta. Hindi changa likiliwa majani yake, mkulima hana tena la kungoja. Lakini kiazi kilichokwisha kunenepa chini ya tuta hakifikiwi na nzige.

Faida kwa mwili

Kiazi kitamu hutia mwili nguvu, na majani yake machanga, yaitwayo matembele, ni mboga nzuri. Kiazi chenye nyama ya rangi ya machungwa kina faida zaidi, kwa kuwa mwili huigeuza rangi ile kuwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo hushindwa kuona vizuri jioni, na maradhi humshika upesi. Kiazi kimoja kidogo cha namna hii, chenye uzito wa gramu 125, chatosha mahitaji ya siku moja ya mtoto ambaye hajafika umri wa kwenda shule. Kwa kazi ya kuzalisha na kueneza viazi hivi, Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wataalamu waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Udhaifu wake

Mahindi huwekwa ghalani, na mbegu yake hungoja mvua bila kudhurika. Kiazi kitamu hakipandwi kwa punje. Hupandwa kwa marando, yaani vipande vya mmea wenyewe, na marando hayo ni kitu kilicho hai. Kiangazi kikiwa kirefu, hukauka au huliwa na mbuzi. Mvua ikinyesha, mkulima huanza kuzunguka kwa majirani akiomba mbegu. Akiipata imechelewa, mvua huwa imepita nusu, na mavuno huwa haba. Hivyo chakula kilichokusudiwa kuzuia njaa hukosekana wakati ule ule kinapohitajiwa.

Njia ya kuhifadhi mbegu

Iko njia isiyohitaji fedha nyingi. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vya kadiri vilivyotoka katika mashina yenye afya. Visiwe na majeraha wala matundu ya fukusi. Chukua beseni au chungu, utie mchanga mkavu, uvipange viazi visigusane, kisha uvifunike kwa mchanga mwingine. Weka chombo hicho ndani ya nyumba mahali pakavu penye ubaridi, mbali na panya. Kila mwezi vikague, na kilichooza kiondolewe.

Zikisalia wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vitoe viazi hivyo ukavipande katika kitalu kidogo karibu na maji. Kizungushie ua imara, ukimwagilie kila baada ya siku tatu au nne. Mvua itakapofika, utakuwa na marando mabichi ya kupanda. Yakate yenye urefu wa sentimita 30 hivi, na sehemu kubwa ya kila rando ifukiwe katika tuta.

Wazee walisema, "Akiba haiozi." Kwa kiazi kitamu maneno hayo ni kweli kwa mtu aliyejitaabisha tu, kwa maana akiba yake yaweza kuoza, na yaweza kukauka pia. Mwenye kuweka beseni moja la mchanga nyumbani mwake hatalazimika kuomba mbegu mvua ikianza, na pengine atakuwa na marando ya kumgawia jirani.