Asili Iliyovuta

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurera (r.a.) ya kwamba bedui mmoja wa Bani Fazara alimwendea Mtume (s.a.w.) akashitaki kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza rangi za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu, na wamo wa kijivu. Alipoulizwa hao wametoka wapi, akasema labda ni asili iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa huenda na mtoto huyo ni vivyo hivyo. Wala hakumruhusu kumkana.

Basi na tuitazame mitaa yetu, tukianzia hapa Majengo. Mtoto akishikwa na maumivu ya mifupa, mikono na miguu ikamvimba, macho yakawa manjano, hunenwa kuwa ni jini, au ni damu mbaya ya mamake. Na wako waume watoao talaka kwa hilo. Huu ni ujinga ulioshikamana na dhuluma.

Maradhi hayo ni selimundu: chembe za damu hupinda mfano wa mundu zikaziba mishipa. Mwanadamu hurithi asili hiyo ya damu mara mbili, moja kwa babake na moja kwa mamake. Mwenye moja tu iliyo mbovu huwa mzima, wala hajijui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina fungu 1 katika 4 la mtoto mgonjwa, 2 la mzima mwenye kubeba, na 1 la aliyesalimika kabisa. Na hesabu huanza upya kila mimba. Asidhani mtu kuwa akishapata mgonjwa mmoja, watatu wafuatao wameokoka. Mama basi hawezi kuyaleta peke yake. Amlaumuye mkewe na aitazame damu yake kwanza.

Wala si aibu ya ukoo. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu wa Kenya, akaona kuwa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wenye kubeba wapita 20 katika 100, na nyanda za juu hawafiki hata 1. Mwaka 1954 akabainisha sababu: kubeba asili moja humkinga mtu na malaria kali.

Ndoa ya binamu ni halali, hatuiharamishi. Lakini babu mmoja aweza kuwarithisha wote wawili asili ile ile iliyofichika. Kwa hiyo damu ipimwe hospitali kabla ya posa. Wako wasemao kuwa kupima ni kupingana na kadari. Mbona wao huuliza nasaba, tabia na mali ya mchumba?

Na mwenye mtoto mgonjwa amnyweshe maji kwa wingi, amlaze ndani ya chandarua, na homa ikimshika ampeleke hospitali siku ile ile, asingoje hirizi.